Safari ya siku moja Thimlich Ohinga: mwongozo kamili wa kuzuru maboma ya mawe ya Migori

Mtu akifunga safari hadi Thimlich Ohinga, akakaa nusu saa, akapiga picha langoni na kugeuza, amepoteza nauli yake. Kuta za mahali hapa zina mengi ya kueleza, ila hazimwelezi mwenye haraka. Ndiyo maana karibu kila ushauri utakaousoma hapa chini unalenga jambo moja: ufike mapema, ukiwa na maji, viatu vinavyofaa na angalau saa tatu za kutembea polepole.

Thimlich Ohinga iko Kaunti ya Migori, magharibi mwa Kenya, kiasi cha kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori, kwenye mwinuko wenye vichaka katika bonde la Ziwa Victoria. Ni makazi ya kale yaliyozungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kuyashikanisha. Wataalamu wanakadiria kwamba yalijengwa karne ya 16. Eneo lenyewe lina hekta 21, na ndani yake kuna maboma makuu manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kuta zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, na unene wa kama mita moja. Mwaka 2018 UNESCO iliingiza Thimlich Ohinga katika Orodha ya Urithi wa Dunia, ikawa eneo la saba la Kenya kupata hadhi hiyo.

Ohinga ni boma la mawe, na maboma ya namna hii yako mengi katika eneo hilo la ziwa. Thimlich ndiyo kubwa kuliko yote na ndiyo iliyohifadhika vizuri zaidi. Ukiuliza nani aliyejenga, jibu la haraka utakalopewa ni Wajaluo. Historia yenyewe ina tabaka zaidi ya hapo. Bonde hili lilikaliwa kwa zamu na jamii za Kibantu na za Kiniloti, na waliokuja baadaye walizikuta kuta, wakazikarabati, wakaziendeleza, wakaishi ndani yake. Desturi ya kuishi kwenye maboma ya mawe ilidumu hadi katikati ya karne ya 20. Kwa hiyo usiingie pale ukidhani unatembelea magofu ya watu waliopotea. Wengi wa wanaoishi kandokando leo ni wajukuu wa watu walioijua Thimlich ikiwa makazi au malisho.

Chagua majira kabla ya kuchagua tarehe

Mvua za masika huanza Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Barabara za mwisho kuelekea Thimlich ni za udongo, na udongo wa upande ule ukilowa hunata kwenye magurudumu na kuteleza vibaya. Januari, Februari, na kuanzia Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kuaminika. Kuna jambo moja la kuwatetea wanaokwenda mara tu baada ya mvua: majani huwa mabichi na mawe ya kijivu hupendeza mno yakizungukwa na kijani. Lakini nyasi ndefu huficha mashimo, mawe yaliyoanguka na wakati mwingine nyoka. Mimi ningechagua Juni au Julai, kijani kikiwa bado kipo na njia imeshakauka.

Amua utakakolala

Safari ya siku moja hapa maana yake ni kwenda na kurudi kutoka mji wa karibu. Usijaribu kutoka Nairobi na kurudi siku hiyohiyo, hutafika ukiwa na nguvu ya kutazama chochote.

Migori ndio mji ulio karibu na wenye usafiri mwingi. Uko kwenye barabara kuu inayotoka Kisumu kupitia Ahero, Oyugis, Kisii na Rongo hadi mpakani Isebania, kwa hiyo mabasi na matatu hupita saa zote. Ukitoka Nairobi unaweza kupanda basi la usiku hadi Migori, upumzike mchana, kisha uende Thimlich kesho yake asubuhi. Kwenda moja kwa moja kutoka stendi ukiwa hujalala ni kujitesa.

Homa Bay inamfaa anayependa kulala kando ya ziwa, au anayetoka Kisumu na gari lake. Kutoka Homa Bay utapita Rodi Kopany, kisha Ndhiwa, ukifuata barabara ya Karungu, halafu uingie njia ya udongo. Kisumu kwenyewe ni mbali mno kwa mtu anayetaka kuzitazama kuta kwa utulivu. Inawezekana ukiwa na gari na ukiondoka alfajiri, lakini utakuwa unatazama saa badala ya kutazama mawe.

Wasomaji wa Tanzania mko karibu kuliko mnavyodhani. Ukivuka Sirare kuingia Isebania, Migori ni mwendo mfupi tu wa matatu. Chukua pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, badilisha fedha zako ziwe shilingi za Kenya, na ujipatie laini ya simu ya Kenya kama unaweza, kwa sababu utaihitaji kwenye malipo.

Panga usafiri wa kwenda, na kabla ya hapo wa kurudi

Mwenye gari lake asiwe na hofu kubwa wakati wa kiangazi. Gari lililoinuka kidogo linatosha. Jaza mafuta mjini, hakikisha gurudumu la akiba lina upepo, na pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka kwa sababu mtandao hukatika njiani. Kwenye njia panda zisizo na kibao, uliza. Taja jina "Thimlich" tu, wenyeji wataelewa, na mara nyingi mtu atakuelekeza kwa subira hadi aone umeshika njia.

Asiye na gari atapanda matatu kutoka Migori hadi Macalder, kisha bodaboda. Macalder ni mahali penye historia yake: kulikuwa na mgodi wa shaba na dhahabu wakati wa ukoloni, na hadi leo wachimbaji wadogo wanatafuta dhahabu katika eneo hilo. Usizurure kwenye machimbo, yana mashimo marefu yasiyo na uzio.

Hapa kwenye bodaboda ndipo safari nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Usipatane nauli ya kwenda peke yake. Langoni Thimlich hakuna kituo cha bodaboda ambapo utamkuta mwingine akingoja abiria. Patana bei ya kwenda, ya kungoja na ya kurudi, yote kwa pamoja, kabla hujapanda. Taja saa utakazokaa, tena taja nyingi kuliko unavyofikiri, maana mwendeshaji aliyeambiwa saa moja ataanza kukupigia simu dakika ya sitini na moja. Lipa sehemu mwanzoni, kubwa zaidi mwishoni. Chukua namba yake ya simu na umwombe kofia ya kujikinga. Na ukimnunulia soda na chakula cha mchana, atangoja kwa moyo mweupe.

Pakia mfuko

Viatu vifunike mguu mzima na viwe na soli inayoshika. Malapa na viatu vya wazi havifai, kwa sababu ya mawe, miiba na nyoka. Vaa suruali ndefu. Beba lita mbili za maji kwa kila mtu, kofia, na kitu cha kula: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi. Usitegemee kukuta hoteli pale. Betri ya akiba ya simu ni muhimu, kama ilivyo dawa ya kujipaka dhidi ya mbu, kwani bonde la Ziwa Victoria lina malaria mwaka mzima. Anayetoka sehemu isiyo na malaria azungumze na daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari.

Ningeongeza daftari dogo na kalamu. Kuchora ramani ya boma kwa mkono, hata vibaya, hukulazimisha kuona milango na njia ambazo kamera hupita bila kuziona.

Kuhusu ada: mahali hapa panasimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na ada za makumbusho hulipwa kidijitali kupitia eCitizen, mfumo wa mtandaoni wa huduma za serikali ya Kenya. Kiwango hutofautiana kati ya raia wa Kenya, wakazi wa Afrika Mashariki na wageni wengine, na kati ya watu wazima na watoto, kwa hiyo beba kitambulisho. Maliza mambo ya malipo ukiwa bado mjini ambako mtandao una nguvu.

Fika saa tatu asubuhi, uombe mwongozaji

Jua la mchana ni kali na kivuli si kingi. Ukifika saa tatu utamaliza sehemu kubwa kabla ya saa sita. Faida nyingine ni mwanga: asubuhi jua huja kwa ubavu, kila jiwe linatupa kivuli chake, na mpangilio wa ukuta unaonekana waziwazi. Saa saba mchana ukuta uleule huonekana bapa pichani.

Salimia kwanza. "Oyawore" ni salamu ya asubuhi kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, na "erokamano" ni asante. Maneno mawili tu, lakini hufungua mazungumzo. Kisha omba mfanyakazi wa makumbusho akutembeze, na mwambie mapema kwamba huna haraka, kwa sababu wamezoea wageni wenye haraka na watafupisha maelezo wasipojua.

Anza nje, usikimbilie lango

Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko yote. Zunguka Kochieng, boma kubwa kuliko yote, kwa nje kwanza. Simama hatua moja kutoka ukutani, uinamishe kichwa, na utazame mawe kwa karibu bila kuyagusa. Mawe ya usoni ni makubwa, hayakuchongwa, lakini kila moja limegeuzwageuzwa hadi likapata pa kukaa. Tafuta mahali ambapo pana mwanya au ukuta umekatika kidogo, utaona siri ya uimara wake. Ukuta mmoja ni sehemu tatu: uso wa nje, uso wa ndani, na katikati mawe madogo yaliyosindiliwa ili kuzifunga zile nyuso mbili. Uzito wenyewe ndio unaoshikilia. Jiwe la juu hukandamiza la chini, na yale madogo ya katikati huzuia makubwa yasicheze.

Sasa rudi nyuma utazame umbo zima. Ukuta haunyooki, unapinda na kujikunja kufuata ardhi. Penye kimo kirefu utaona mawe ya ziada yaliyojengwa kuuegemeza. Watu hawa hawakuwa na chokaa, na bado ukuta wa mita nne umesimama karne nyingi kwenye mteremko. Ukikumbuka kwamba kila jiwe lilibebwa kwa mikono, utaelewa pia kwamba hii haikuwa kazi ya familia moja. Ilihitaji ukoo, na mtu wa kuuita ukoo ukaitika.

Pita langoni ukijua linakufanyia nini

Lango ni finyu na fupi. Juu yake yamelazwa mawe marefu mapana yanayobeba uzito wa ukuta, na mtu mzima hana budi kuinama ili apite. Fanya jaribio hili ukiwa na mwenzako: ingia wewe kwanza, usimame pembeni kwa ndani, umtazame yeye akiingia. Kitakachotangulia ni kisogo chake. Macho yake yanatazama chini, mikono imeshughulika kutafuta pa kushika, na hana nafasi ya kuinua kitu. Karibu na malango palikuwa na sehemu za walinzi. Adui aliyekuja kuiba ng'ombe usiku alilazimika kupita hapo, mmoja baada ya mwingine, shingo mbele.

Wizi wa mifugo, ugomvi wa ardhi na wanyama wakali ndizo sababu zinazotajwa za kujenga kuta hizi. Lakini kuta zilifanya kazi nyingine pia: zilionyesha nani ni wa ukoo gani, nani yuko ndani na nani yuko nje.

Ndani ya boma

Wengi hapa huvunjika moyo kwa sababu hawaoni nyumba. Nyumba zilikuwa za udongo na nyasi, zimekwisha. Kilichobaki ni alama zake, na kazi yako ni kuzitafuta. Tazama chini upate mabonde ya mviringo ardhini: hapo palisimama nyumba. Tafuta kuta fupi za ndani zinazogawa boma kuwa vijumba na vichochoro. Sehemu ya katikati ilikuwa ya mifugo, mahali salama kuliko pote, na hilo peke yake linakuambia mali ya watu hawa ilikuwa nini.

Ukiujua mpangilio wa boma la Kijaluo, mambo hukaa sawa. Nyumba ya mke wa kwanza hutazamana na lango kuu. Simba, yaani nyumba za vijana wa kiume, hukaa karibu na lango. Simama langoni ukiwa na picha hiyo kichwani, kisha mwombe mwongozaji akuonyeshe palipokuwa na nini. Mazungumzo huchangamka papo hapo.

Omba pia kuonyeshwa mawe ya kusagia, yaliyochimbika katikati kwa matumizi ya miaka mingi, na mwamba wenye mashimo ya bao, mchezo ambao Wajaluo huuita ajua. Chuchumaa kando ya huo mwamba. Mashimo yamelainika, ni madogo, yanatosha kwa kete chache. Baada ya kuta zote zile za vita na ulinzi, hapa kuna watu waliokaa mchana kutwa wakicheza na kubishana.

Koketch, Kakuku na Koluoch ni ndogo zaidi, na wageni wengi huziruka. Usiziruke zote. Ukiwa umechoka, chagua moja na uilinganishe na Kochieng: milango iko wapi, ukuta ni mrefu kiasi gani, katikati pana nini. Uliza pia kuhusu mahali pa kufulia chuma nje ya kuta. Watu huisahau sehemu hiyo kwa sababu haina ukuta wa kupigia picha, na kumbe hapo ndipo palipotoka majembe na mikuki.

Ya kuepuka

Usipande ukuta. Haijalishi picha ni nzuri kiasi gani. Ukuta usio na saruji hushikiliwa na mpangilio wake, na jiwe moja likihama, jirani zake hulegea, mvua ikaingia, na sehemu nzima huporomoka miezi kadhaa baadaye ukiwa umeshasahau. Usiokote jiwe, kigae cha chungu wala kitu chochote ardhini. Kigae kikitolewa mahali pake hakimwelezi tena mtafiti lolote.

Miti ile yenye matawi yaliyosimama kama kinara cha mishumaa ni yuforbia. Usivunje tawi wala kuruhusu watoto walichezee. Utomvu wake mweupe huchoma ngozi na ni hatari kabisa ukiingia machoni. Ukikupata, osha kwa maji mengi mara moja, na hiyo ni sababu nyingine ya kubeba maji ya ziada.

Droni zinahitaji kibali cha mamlaka ya anga ya Kenya na ruhusa ya makumbusho. Usirushe bila vyote viwili.

Ukienda na watoto au wazee

Watoto wa kuanzia miaka saba hivi huifurahia sana, maana malango yana kimo chao. Wape kazi: wahesabu milango, wachore bao. Kwa wazee na wenye shida ya magoti, mzunguko wa nje wa Kochieng unawezekana polepole, lakini malango yatawashinda baadhi yao. Waambie ukweli kabla ya kuondoka mjini, na mbebe kiti cha kukunja, wakae kivulini huku nyinyi mkiwa ndani. Mzee anayeijua Dholuo atapata mazungumzo bora na wenyeji kuliko yoyote mtakayopata nyinyi.

Kurudi

Ondoka si zaidi ya saa tisa alasiri. Njia za udongo gizani, zenye mifugo na pikipiki zisizo na taa, si za kujaribiwa. Kama una gari na saa bado inaruhusu, shuka hadi Sori, kando ya ghuba ya Karungu, ule samaki wa ziwani na ugali kabla ya kurudi mjini. Wa bodaboda arudi moja kwa moja Macalder kuwahi matatu, kwa sababu jioni hupungua.

Utashawishika kuchanganya Thimlich na Hifadhi ya Taifa ya Ruma kwa siku hiyohiyo, kwa kuwa kwenye ramani zinaonekana jirani. Usifanye hivyo. Ruma, iliyo kwenye bonde la Lambwe, ndiyo makao pekee nchini Kenya ya korongo, yule swala mkubwa (si ndege), na wanyama hao huonekana vizuri alfajiri, saa ambayo wewe unapaswa kuwa njiani kwenda Thimlich. Mwenye siku ya pili alale Homa Bay, aingie Ruma mapema kesho yake, na akibaki na mchana aendelee hadi kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya. Daraja linaunganisha Rusinga na Mbita, kwa hiyo gari lako litafika bila kungoja feri.